Mzee wa Barazani: Tupige Picha au Tupite?

MARYAM: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena, mie Maryam na niko na kaka yangu Haji ambae leo kaja na kamera shingoni mpaka ndani ya studio, ati anaogopa kuiacha kwenye gari.

HAJI: Waalaykum salaam. Naogopa ndio, Darajani naijua mie.

MARYAM: Haya. Kuna kijana katutumia voisi, anapiga picha za mitaani, anasema alfajiri moja kapita Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, kamkuta mzee kalala barazani kwa watu, akampiga picha, sasa anataka kuipeleka picha kwenye mashindano anauliza ni sawa au si sawa. Picha yenyewe katuma. Na ni nzuri, tusidanganyane. Mzee kajikunja ubavu, kajifunika kanga imemfika kiunoni tu, kandambili kazitia kwenye kiroba kaziweka chini ya kichwa ndo mto na ndo kufuli hilohilo.

HAJI: Mie jibu langu jepesi, ni sawa. Mtu yuko nje, nje ni kwa wote, miji mingi duniani picha za mtaani zinapigwa hivo. Ukianza kumuomba kila mtu ruhusa basi huna tena picha ya mtaani una picha ya pasipoti.

MARYAM: Haji bwana, baraza nayo ni nje kwa wote?

HAJI: Si iko barabarani?

MARYAM: Iko barabarani lakini kwa yule mzee pale ndo chumbani, hana pengine. Weye chumbani kwa mtu unaingia bila hodi, tena kalala?

HAJI: Mnh. Hapo sawa, kulala kuna mambo yake. Mtu akiwa macho anaweza kukukunjia uso, anaweza kuinua mkono, anaweza hata kukutukana ukajua hapa hapana. Aliyelala hana hata hiyo.

MARYAM: Na huyu kijana mwenyewe anasema kapigia lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya pili. Kwa nini asisogee? Alijua.

HAJI: Aa, asimuamshe mzee wa watu!

MARYAM: (anacheka) Huruma hiyo. Halafu sikiliza, mie kinachonikera zaidi ni kitu kingine. Hizi sheria za picha za mtaani, ati nje ni kwa wote, zimetengenezwa kwenye miji ya watu wasiojuana. New York unampiga mtu kalala kwenye treni, nani atamjua, utakufa na picha yako na yeye atakufa na yake. Unguja hapa? Picha ikiingia Insta saa mbili, saa nne iko kwenye grupu la ukoo, "huyu si ba' mdogo wa fulani, yule aliyekuwa fundi seremala?" Mpaka mtoto wake wa kike aliyeolewa Wete, kule Pemba, anaipata, na hakuwa anajua kuwa babaake analala nje. Kwa hiyo hapa hujapiga mtu mmoja, umepiga ukoo mzima, na hukumuuliza hata mmoja.

HAJI: Hapo umegonga, lakini na mie nikurudishie. Mtoto wa Wete hakujua. Sasa amejua. Ubaya uko wapi?

MARYAM: Hakujua kwa heshima, kajua kwa laiki mia tatu.

HAJI: Sawa lakini kajua. Mana sisi tuna maneno yetu, sitara sitara, tumsitiri mwenzetu, na hadithi ya Mtume tunaisoma kwamba mwenye kumsitiri Muislamu Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera, ni kweli. Lakini mie najiuliza mara nyingi tunamsitiri nani pale, yule mzee au jina la ukoo? Tukiulizwa tunasema Zanzibar hakuna watu wanaolala nje, sisi tuna udugu, kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, kuna Pensheni Jamii tangu 2016 kwa waliofika miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa hiyo ukimuona mtu kalala nje unaambiwa kataka mwenyewe. Na hivo anapotea. Picha inamtoa kwenye kupotea.

MARYAM: Inamtoa inampeleka wapi? Hebu tumtaje yule mama wa Kimarekani mana najua ndo unakoelekea.

HAJI: Ndo huko! Mpiga picha Dorothea Lange, 1936, kambi ya wachuma njegere pale Nipomo, California, mama kakaa na watoto wamemlalia mabegani wameficha nyuso. Picha ikatoka gazetini San Francisco, serikali ikapeleka ratili 20,000 za chakula pale kambini. Nambie picha haijafanya kazi.

MARYAM: Imefanya, kwa kambi. Mama mwenyewe na wanawe chakula kinafika washaondoka zamani! Na Lange mwenyewe aliandika baadae kuwa jina hakumuuliza. Picha ikazunguka dunia nzima miaka zaidi ya 40, mpaka 1978 ndo ikajulikana anaitwa Florence Owens Thompson, na alipopatikana akasema bora asingepigwa, hajapata hata senti moja.

HAJI: Malizia basi. 1983 alipougua watu waliomjua kwa picha ileile wakamchangia zaidi ya dola 30,000. Watoto wake wenyewe baada ya zile barua zilizokuja na michango wakaiona picha kwa jicho jengine.

MARYAM: Miaka 47 baadae Haji. Mgonjwa. Mwaka huohuo akafariki.

HAJI: (kimya kidogo) Haya.

MARYAM: Na sisi hatukuanzia kwa Wamarekani. Kadi za posta za hapahapa mjini, za wapiga picha wa zamani kina Gomes na Coutinho, zile wazungu walikuwa wananunua wanapeleka kwao, chini imeandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Hana jina. Halafu ukaja wakati wa Capital Art Studio, mzee Oza kafungua 1930, mtu anakwenda kwa miguu yake, kajitia udi, kachagua kiti, na picha anarudi nayo nyumbani.

HAJI: Lakini hiyo ni studio dada Maryam, mwenye kulala nje hendi studio.

MARYAM: Ndo uende weye. Ukae nae, awe macho, mpige akiwa anajua, umpelekee nakala. Huyu kijana wetu mie ningemwambia arudi Mkunazini mchana na picha kaichapisha, amuoneshe mzee.

HAJI: Na akikataa?

MARYAM: Afute.

HAJI: Na kadi ya pili? Mana hizi kamera mpya zina kadi mbili za kuwekea picha.

MARYAM: Zote mbili, na ile aliyotutumia sisi.

HAJI: Mie naongeza moja. Ruhusa yenyewe ina mtego. Wale vijana wa unga kule Malindi, akiwa na arosto, ile hali ya kuukosa unga, ukimpa elfu mbili anakwambia piga, piga hata nikiwa uchi. Ile si ruhusa, ile ni arosto inasema. Akienda soba hausi, nyumba ya kuachia unga, akatoka mzima, akaoa, picha bado ipo. Mie hawa siwapigi hata waniombe.

MARYAM: Umeona sasa. Na sheria?

HAJI: Ipo ile ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, lakini mtu hana pa kulala atakwenda kushtaki na nauli ya nani.

MARYAM: Na hapo hatujagusa Ramadhani. Mana kuna wasiojiita wapiga picha kabisa, wagawa sadaka, kiroba cha mchele kimoja, watu saba wamekishika, bibi wa watu yuko katikati hajui atazame wapi.

HAJI: Wanasema wafadhili wanataka ushahidi.

MARYAM: Wapige viroba. Wapige risiti ya dukani.

HAJI: Mfadhili anataka sura.

MARYAM: Basi atume ya kwake.