Santuri Mbili Chini ya Paa Moja

Mabibi na mabwana, kabla hatujafika kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba la sinema, ambako santuri ziliuzwa, naomba tupande kwanza kwenye chumba cha mtambo wa kuonyeshea filamu. Tarehe 6 Agosti 1926, studio ya filamu ya Warner Bros. walipoonyesha jijini New York filamu yao ya kwanza ndefu iliyoambatana na sauti ya Vitaphone, mfumo wa kuoanisha santuri na picha, sauti hiyo haikuwa kwenye ukanda wa picha. Ilitoka kwenye santuri yenye upana wa sentimita 40 hivi, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ambayo sindano yake ilianzia karibu na kitovu ikaelekea ukingoni. Lebo yake ilikuwa na visanduku vidogo, na fundi alitia alama kimoja kila alipoipiga. Zikitimia mara 20, santuri ilistaafishwa. Hiyo haikuuzwa kwa mtazamaji yeyote.

Iliyouzwa ni ndogo yake, ya sentimita 25, yenye dakika tatu hivi kila upande. Katika baadhi ya majumba ya sinema ya Marekani iliwekwa mezani ukumbini, pamoja na noti za nyimbo zilizochapwa, mahali ambapo watu walipaswa kupita wakitoka. Aliyeipanga meza ile aliijua mioyo ya watu, kwa maana mtazamaji alitoka gizani wimbo ungali ukimlia masikioni, na machozi pengine hayajakauka. Filamu zenyewe zilimwandaa: katika The Singing Fool ya mwaka 1928, mwimbaji Al Jolson aliurudia wimbo wa “Sonny Boy” mara kadhaa, hata asiyejua muziki akatoka ameukariri. Santuri ya wimbo huo, iliyotolewa na kampuni ya santuri ya Brunswick, iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Hapo ndipo wenye studio walipogundua kwamba fedha za wimbo waliouvumisha wao zilikuwa zikiingia mifuko ya wengine. Mwaka 1929 Warner walinunua wachapishaji wa muziki Witmark, Harms na Remick, na Aprili 1930 wakainunua Brunswick yenyewe. Kwa maoni yangu wazo lilikuwa sahihi, ila wakati uliwageuka: mdororo wa uchumi ulikuwa umekwisha kuanza, redio ilileta nyimbo nyumbani bila malipo, na Desemba 1931 Brunswick ilikabidhiwa kampuni nyingine ya santuri, American Record Corporation.

Santuri za ukumbini zilibaki majumbani mwa walionunua, na nyingi zipo hadi leo. Zile za chumba cha mtambo, ambazo mtazamaji hakuruhusiwa kuzigusa, zilipotea kwa wingi, na tangu mwaka 1991 wapenzi wa sinema wamekuwa wakizitafuta moja moja, ili kuzikutanisha na kanda zilizobaki bubu.