Shikamoo, Msprusi

REHEMA: Kabla hatujagusa mada, Kassim, elezea wasikilizaji ile picha uliyonitumia juzi. Mimi nilidhani ni mpini wa jembe.

KASSIM: Ni mti mzima, dada. Tulikuwa tunafyeka njia ya wapimaji kando ya kinamasi, kaskazini ya Cochrane huku Ontario, Kanada. Msprusi mweusi, mti wa jamii ya msonobari, unene wake sentimita 5. Nikachukua kipande, nikakipiga msasa nyumbani, nikakilowesha kidogo ili pete zijitokeze, nikawa nahesabu kwa lenzi na ncha ya pini. Pete 112.

REHEMA: Mia na kumi na mbili?

KASSIM: Kutoka kiini hadi ganda ni milimita 25 tu. Kuna mahali zimebanana hadi ncha ya pini inakanyaga tatu kwa mpigo.

REHEMA: Basi shikamoo, mzee.

KASSIM: Marahaba, mjukuu.

REHEMA: Usiitikie wewe! Umemkata mwenyewe, halafu unampokelea salamu zake?

KASSIM: Sasa nani aitikie? Lakini ngoja, maana hapo ndipo penye utamu. Ukitoka kwenye maji ukapanda kidogo tu, penye udongo usiotuamisha, unakuta misprusi ileile ina mita 15, imenyooka. Huenda ni midogo kwa umri kuliko huyu wa kinamasini. Macho hayakuambii kitu.

REHEMA: Kwa hiyo msituni huko unamsalimia nani?

KASSIM: Wote. Ndiyo usalama.

REHEMA: Haya, tueleze kinachomdumaza.

KASSIM: Miguu yake iko kwenye baridi na maji. Chini ya misprusi hii kuna vile vimea laini vya kijani vinavyotanda ardhini na kufyonza maji. Vinakua juu ya vilivyokufa, mboji inaongezeka, jua halifiki udongoni. Hapa kwetu ni mboji na maji. Ukipanda hadi Yukon na Alaska, chini kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima. Mizizi inatambaa juujuu tu. Chakula nacho kimefungwa kwenye mboji, kwa sababu kwenye baridi vitu vinaoza polepole mno.

REHEMA: Na bado anaishi.

KASSIM: Anaishi, tena anazaa bila mbegu. Matawi ya chini yanaelemewa, yanalala ardhini, vile vimea vinayafunika, na tawi linatoa mizizi. Baadaye ncha yake inasimama inakuwa shina jipya.

REHEMA: Ehee! Sasa huyo aliyetokana na tawi, anapewa shikamoo au hapewi?

KASSIM: Shina lake lina miaka 30. Hapewi, yeye ndiye anatoa.

REHEMA: Lakini ni mwili uleule wa mama yake. Mama akifa, yeye ndiye mama. Mimi nampa.

KASSIM: Rehema, ukihesabu hivyo, watoto wote kinamasini watakuwa wazee.

REHEMA: Na wawe! Kwetu Tanga mtu akipewa jina la babu yake anaitwa babu tangu yuko mgongoni. Nani kamkatalia?

KASSIM: (anacheka) Hapo umenifunga. Lakini pete ni pete.

REHEMA: Tuna mambo matatu tuliyoahidi wiki iliyopita, na hatujafika hata la kwanza. Moto.

KASSIM: Moto ndio mkunga wake. Ukiutazama msprusi mweusi kwa mbali, kileleni kuna fundo, koni zimesongamana. Zimezibwa kwa utomvu, zinakaa miaka na mbegu ndani. Moto ukipita, utomvu unalainika, koni zinafunguka, mbegu zinadondoka kidogo kidogo, hata miaka kadhaa baadaye, juu ya ardhi iliyosafishwa. Na huku kwetu kwenye ukanda wa mfinyanzi wa Ontario na Quebec, moto ukichelewa sana ndipo mboji inanenepa, maji yanapanda, miti inadumaa. Kwa hiyo moto wa mbali, usiotishia watu, mimi nasema uachwe uwake. Huu msitu umezaliwa nao.

REHEMA: Hapo tunaachana.

KASSIM: Nilijua.

REHEMA: Agosti 2023 Yellowknife, ule mji wa kaskazini mwa Kanada, ilihamishwa kwa sababu ya moto, watu wapatao 20,000. Familia moja ililala sebuleni kwangu hapa Edmonton. Mtoto wao mdogo akisikia harufu ya jiko anauliza kama tunaondoka tena. Mwaka ule Kanada iliungua hekta milioni 15 hivi. Huo ni moto wa zamani kweli?

KASSIM: Nimesema usiotishia watu.

REHEMA: Unaanza mbali, unafika. Na hata usipofika, moto ukirudi mapema unakuta miti haijaweka akiba ya kutosha ya mbegu. Moto ukizama sana kwenye mboji, unaamsha hewa ukaa iliyolala humo muda mrefu. Utafiti wa mwaka 2021, ulioongozwa na mwanasayansi Jennifer Baltzer, uliangalia zaidi ya maeneo 1,500 yaliyoungua Amerika Kaskazini. Kwenye asilimia 38 ya yale yaliyokuwa ya msprusi mweusi, ulipoteza nafasi yake ya kutawala.

KASSIM: Na asilimia 62 je? Ulirudi mwenyewe, bila mtu kupanda mche.

REHEMA: Unaita hiyo salama? Kwenye asilimia 18 haukurudi kabisa.

KASSIM: Naita msitu unaofanya kazi yake. Ukizima kila moto unalimbikiza kuni za moto mkubwa zaidi.

REHEMA: Sijasema kila moto. Hifadhi ya Yukon Flats kule Alaska, mwaka 2023, ilitenga ekari milioni 1.6 za mbali ili moto uzimwe mapema, kulinda ile ardhi iliyoganda. Hao nao hawaujui msitu?

KASSIM: Wanaujua. Wao wanalinda barafu. Kwangu hakuna barafu, kuna mboji inayozamisha miti.

REHEMA: Mboji hiyohiyo ndiyo inayoshikilia hewa ukaa!

KASSIM: Na ndiyo inayomfanya mti wa miaka 112 awe na sentimita 5.

REHEMA: Kwa hiyo unataka mbao.

KASSIM: Nataka mti upumue, dada. Usinibandikie mbao.

REHEMA: Sikubandikii, nauliza. Na sijakubali.

KASSIM: Wala mimi.

REHEMA: Sasa dakika zimekwisha. Tulitaka kueleza miti inayolala upande barafu ya chini ikiyeyuka, na kile chakula cha kulungu wa kaskazini.

KASSIM: Hatuwezi kukimbilia. Wiki ijayo.

REHEMA: Wiki ijayo tumeahidi minyoo.

KASSIM: Minyoo isubiri. Walioko Yellowknife na Fort McMurray, tutumieni sauti zenu. Nataka kusikia mliohamishwa mnasemaje kuhusu moto wa mbali.

REHEMA: Hao watanipa mimi haki.

KASSIM: Waulize kwanza.