Kasuku, Mkasi na Kosa la Bawa Moja

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na vijana mliokuja na matundu yenu, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze namna ya kukata mabawa ya kasuku kwa usalama, na nitaeleza, ila wanaonijua wanajua kwamba sitaanza na mkasi. Kila ninapoitwa kuzungumza na wafugaji, swali la kwanza huwa ni manyoya mangapi yakatwe, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama ndege wake ana haja ya kukatwa hata unyoya mmoja. Msimamo wangu ni uleule. Kasuku mwenye afya, anayeishi katika nyumba ambayo milango na madirisha yake yanaweza kufungwa, hana haja ya kukatwa. Yule ambaye mazingira ya nyumba yake yanalazimu akatwe, basi akatwe baada ya kujua kuruka, akatwe mabawa yote mawili kwa usawa, na akatwe kidogo tu, kiasi kwamba akijirusha kutoka mahali pa juu aweze kuteremka taratibu na kutua kwa miguu yake.

Naomba tukae kwanza kwenye hili la mabawa mawili, kwa kuwa kosa la bawa moja ndilo linaloniletea wagonjwa wengi kuliko kosa jingine lolote la ufugaji wa ndege. Imeenea imani kwamba ukikata bawa moja, ndege hupoteza mizani na hawezi kwenda mbali. Kupoteza mizani ni kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Manyoya marefu ya kurukia yaliyo kwenye ncha ya bawa la kasuku, ambayo ni kumi kila upande, kazi yake kubwa ni kumsukuma ndege mbele; yale yanayofuata, yaliyo karibu na mwili, ndiyo yanayombeba hewani. Ukiondoa ya upande mmoja na kuuacha mwingine, bawa zima linainua na kusukuma ilhali lile lililokatwa halifanyi kitu, kwa hiyo ndege anazunguka angani na kuanguka kwa ubavu au kwa kifua, bila uwezo wowote wa kuchagua atue wapi. Ndege anayejua kuruka hategemei kuanguka, hivyo hajikingi.

Aliwahi kuletwa kwangu kasuku wa kijivu aliyekatwa bawa la kulia peke yake, na si ncha tu, bali hadi manyoya ya ndani kabisa, na aliyemuuza ndiye aliyemkata. Familia ilikuwa imemzoesha kukaa juu ya kabati la vyombo. Msimu ulikuwa wa kusi, mlango ukabamizwa na upepo, ndege akashtuka na kujirusha kama ambavyo ndege yeyote angejirusha, akapiga kifua kwenye vigae. Nilipomgeuza chali niliona ngozi imepasuka juu ya ukingo wa mfupa wa kifua, ufa mfupi usiozidi urefu wa kucha ya kidole gumba, na ndani yake mfupa mweupe ulikuwa unaonekana. Kandokando palikuwa na tabaka za gaga, jipya juu ya la zamani, yaani hakuwa ameanguka mara moja. Kila kidonda kilipokaribia kufunga alianguka tena na kukifungua. Wenyewe walidhani anajidonoa. Nilisafisha, nikashona, nikampa dawa ya maumivu, na haikuchukua muda mshono ukafumuka kwa anguko jingine. Kidonda kile hakikufunga mpaka ndege alipohamishiwa kwenye kizimba cha chini, chenye mataulo yaliyokunjwa sakafuni, na mpaka manyoya mapya yalipoanza kuota. Hebu fikirini: mnyama mwenye uzito wa gramu mia nne na kitu anateseka kwa miezi kwa sababu ya kazi ya mkasi iliyochukua dakika moja.

Nasisitiza uzito kwa makusudi. Cherero, hawa ndege wadogo wa kijani tunaowaita ndege wa mapenzi, ana takriban gramu 50, na ukimkata kwa kiasi kilekile anaweza bado kuvuka sebule na kutoka dirishani. Kasuku wa kijivu ana mwili mzito kwa ukubwa wa mabawa yake, na ukatwaji unaomwachia cherero uwezo wa kuruka unamfanya kasuku aporomoke. Kwa hiyo anayekwambia kuna idadi moja ya manyoya inayofaa kila ndege, usimpe ndege wako amshike. Ongezeni na sakafu zetu za Pwani, ambazo ni saruji au vigae nyumba hadi nyumba. Hakuna nyasi wala majani makavu ya kumpokea anayeanguka.

Najua kuna wanaosema moyoni kwamba wazee wetu walikata na ndege wao waliishi. Waliishi baadhi, na wengine hawakuhesabiwa. Tena tujiulize desturi hii ilitufikiaje. Kasuku wengi wa kijivu walioingia majumbani mwetu walitoka misitu ya Kongo, wakinaswa kwa ulimbo na kwa kutumia kasuku wenzao kama chambo, na mfanyabiashara aliwakata mabawa ili asipate hasara tundu likifunguka njiani. Hiyo ilikuwa hesabu ya mwenye mzigo. Ndege waliokamatwa kutoka kwa walanguzi hawawezi kurudishwa msituni mpaka manyoya yaote upya, na kwa kasuku jambo hilo huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Sioni kwa nini mtu anayesema anampenda ndege wake aendeleze hesabu ya mlanguzi sebuleni kwake.

Hoja ya pili ninayoisikia ni kwamba ndege aliyekatwa huwa mpole. Hapana, ndugu zangu. Kasuku mwenye mabawa akiogopa huondoka, na kuondoka kwake kunakufundisha wewe kwamba umemkaribia haraka mno. Ukimwondolea njia ya kuondoka, amebakiwa na mdomo. Ndiyo maana watu wananionyesha vidole vilivyong'atwa na kulalamika kwamba ndege alikuwa mzuri kabla hajakatwa. Wengine hawang'ati, wananyamaza, na baada ya muda wanaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua na ya mabega. Kasuku wa kijivu wana tabia hiyo kuliko ndege wengi, sababu zake ni nyingi, lakini ncha kali za manyoya yaliyokatwa vibaya, zinazochoma ubavu kila anapokunja bawa, zimo katika sababu hizo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, na sitaidharau: akiruka atapotea, au ataumia ndani ya nyumba. Pangaboi linalozunguka linaweza kumuua ndege kwa pigo moja. Sufuria ya maji yanayochemka, ndoo iliyojaa, kioo cha dirisha asichokiona, hizi zote ni hatari za kweli. Lakini karibu zote zina dawa isiyohitaji mkasi. Pangaboi lizimwe kabla tundu halijafunguliwa, na swichi ibandikwe karatasi ili mtoto au mgeni asiliwashe. Madirisha yawekwe wavu, ambao nyumba nyingi zinao tayari kwa ajili ya mbu. Jikoni asiingie kabisa, na hapa si moto peke yake unaoua, kwa maana kikaango kisichoshika chakula kikipata joto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache akiwa chumba cha pili. Ndege afundishwe kuja anapoitwa, kwa karanga moja na kwa subira ya kila siku. Zaidi ya hayo, aliyekatwa naye hupotea: upepo ukimkuta uwanjani humpandisha juu ya paa, na akishafika huko hana nguvu ya kurudi, kunguru wanamzunguka, na chini paka anamngoja. Wengi wa kasuku ninaotafutiwa na majirani ni wale ambao wenyewe walikuwa na hakika kwamba hawezi kuruka, ndipo wakatoka naye nje begani.

Sasa, ipo nyumba ambayo mlango hauna namna ya kufungwa, ambamo watu kumi wanaingia na kutoka na duka liko barazani, na mwenye nyumba hawezi kubadilisha lolote. Kwa huyo nakubali mkasi kwa muda, kwa masharti.

Sharti la kwanza, kinda asiguswe. Kinda anayekatwa kabla ya kujifunza kuruka na kutua hakui na misuli ya kifua inayostahili wala hajui kupima umbali, na kasoro hiyo humfuata maisha yake yote, nayo kwa kasuku ni maisha marefu ya miaka 40 na zaidi. Aachwe aruke kwa wiki kadhaa hadi atue vizuri, kisha ndipo tuzungumze.

Sharti la pili ni namna ya kumshika, na hapa watu wameua ndege bila kuwatoa hata tone la damu. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anavuta pumzi kwa kusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma. Ukimbana kifua umemfunga pumzi, hata kama mdomo na pua viko wazi. Awepo mtu wa pili, taulo jepesi limfunike mabawa, vidole vishike pande mbili za taya kutoka nyuma ya kichwa, na kifua kiachwe huru. Bawa linyooshwe kwa kulishika karibu na mfupa, kamwe si kwa kuvuta manyoya ya nchani.

Kisha utazame kabla hujakata. Geuza bawa uone upande wa chini kwenye mwanga mzuri. Unyoya uliokomaa ni mfu kama ukucha, na kuukata hakuumi. Unyoya mchanga bado una damu ndani ya uti wake, uti umevimba, una rangi ya zambarau iliyokolea, na chini umezungukwa na ganda linalofanana na nta. Kwa kasuku wa kijivu kazi ni ngumu zaidi kwa kuwa hata uti uliokomaa ni mweusi, ndiyo maana nasisitiza mwanga na lile ganda. Damu ya ndege ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Cherero mzima ana takriban mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na unyoya mmoja mchanga uliokatwa unaweza kumaliza sehemu kubwa ya hiyo. Ukiukuta, uuache, na unyoya mkomavu ulio jirani nao uuache pia ili uukinge usivunjike. Ikitokea umekata, bana mahali hapo kwa vidole ukitumia unga laini wa wanga, usiache kubana, na ndege apelekwe kwa daktari. Kuung'oa si kazi ya kujaribia nyumbani.

Ukikata, anza na unyoya wa nje kabisa, mmoja kulia na mwenzake kushoto, ukifuata mpaka wa manyoya mafupi yanayofunika mizizi ili ncha iliyokatwa ijifiche chini yake. Kwa kasuku wa kijivu, jozi mbili zikishatoka, simama. Mruhusu apumzike, kisha ajirushe kutoka urefu wa kiuno juu ya godoro. Akiteremka kwa mshazari na kutua wima, basi, usiendelee. Akipanda juu, ongeza jozi moja tu. Manyoya ya ndani yanayombeba hewani hayaguswi kwa hali yoyote.

Naona wakati umenitupa mkono, kwa hiyo la sheria nitaligusa tu. Kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya walio hatarini zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu uamuzi wa Johannesburg wa mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya kumfuga kunahitaji kibali, na mwaka 2021 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitoa muda wa msamaha ili wenye ndege hao wawaandikishe. Asiye na karatasi ashughulikie hilo, na asinunue mwingine kwa mtu wa njiani.

La mwisho ni kwa wale ambao ndege wao wameshakatwa vibaya. Msing'oe vishina mkidhani manyoya yataota haraka. Mnaumiza shimo la unyoya, na linaweza lisioteshe tena. Teremsheni vijiti vya kukalia, tandikeni kitu laini chini, mwondoeni juu ya makabati na mabega ya watu, na mpeni chakula cha kweli, mboga za majani na matunda, badala ya alizeti asubuhi na jioni, kwa kuwa unyoya mpya haujengwi kwa mafuta. Unyoya wa kwanza ukichomoza peke yake mleteni nimwone, maana huo usio na jirani wa kuukinga ndio unaovunjika na kuvuja damu.