Hřensko: Kijiji Kilichoishi kwa Magogo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Tuanze na ramani. Mto Labe, ambao Wajerumani huuita Elbe, unazaliwa katika milima ya Krkonoše kaskazini mwa Ucheki, unaizunguka nchi kwa safari ndefu, kisha unaingia Ujerumani kuelekea Hamburg na Bahari ya Kaskazini. Pale unapofika mpakani, mto mdogo wa Kamenice unajimwaga ndani yake. Kwenye makutano hayo ndipo kilipo Hřensko, kijiji ambacho wakazi wake hawafiki 300. Hapo Labe uko mita 115 tu juu ya usawa wa bahari, na Ucheki nzima haina mahali pa chini kuliko hapo.

Magenge yanayokizunguka ni mchanga wa bahari ya kale, uliogandamana ukawa mwamba, kisha mito ikaukata kwa mamilioni ya miaka. Nyumba zimejipanga kando ya Kamenice, mgongo kwenye jabali, uso kwenye maji. Sasa jiulizeni: watu wa mahali kama hapo watalima wapi? Hawakuwa na pa kulima. Walichokuwa nacho ni msitu juu ya magenge na mto chini yake.

Wakaishi kwa magogo. Huko juu Kamenice ilizibwa kwa malambo. Magogo yakitupwa mtoni, lango linafunguliwa, na maji yanayasukuma yote kwa kishindo hadi Hřensko. Hapo yalikusanywa, yakafungwa vyelezo, yakateremka na Labe hadi Saksonia, upande wa Ujerumani. Nawaomba mlishike hili, maana tutalirudia.

Karne ya 19 ikaleta wageni. Reli ya kutoka Dresden ilipita ng'ambo ya Labe mwaka 1851, na hadi leo kivuko kinawavusha abiria kutoka kituo cha Schöna. Walikuja kuona Pravčická brána, tao la mawe lenye upana wa mita 26.5 na kimo cha mita 16, kubwa kuliko yote ya mwamba wa mchanga barani Ulaya. Ukoo wa Clary-Aldringen, wenye ardhi hiyo, ulijenga hoteli ya Sokolí hnízdo kando ya tao hilo mwaka 1881, na mwaka 1890 ukafungua njia ndani ya korongo la Kamenice. Mahandaki yalichongwa, na maji yakazuiwa kwa ukuta ili yatulie. Abiria walikuwa wakiketi katika mashua bapa, na mwendeshaji akisimama na kusukuma kwa pondo kati ya kuta mbili za mawe zenye kuvu na kangaga. Hapakuwa na injini.

Wakazi wa zamani walisema Kijerumani. Mwaka 1938 eneo lilitwaliwa na Ujerumani ya Hitler. Baada ya vita, Wajerumani wakafukuzwa, nyumba zikapata wenyewe wapya. Familia zilizojua kila jiwe la korongo zikaondoka na ujuzi huo. Baada ya utawala wa Kikomunisti kuanguka mwaka 1989 mpaka ulifunguka, na kando ya barabara vikaota vibanda vya wafanyabiashara wa Kivietinamu vinavyouzia Wajerumani.

Turudi kwenye magogo. Biashara ya mbao ilipendelea mti mmoja, sprusi, wa jamii ya misonobari: unakua haraka na kunyooka. Ukapandwa kila mahali badala ya misitu mchanganyiko. Mizizi yake haiendi chini sana. Kuanzia 2018 ukame uliidhoofisha miti hiyo, wadudu wa magome wakaimaliza, ikabaki imesimama mikavu. Tarehe 24 Julai 2022 moto ukashika. Zaidi ya hekta 1,000 ziliungua, na katika kitongoji cha Mezná nyumba kadhaa zikateketea. Korongo likafungwa kwa hofu ya miti na mawe kuwaangukia watu.

Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2000, na sehemu kubwa iliyoungua imeachwa ichipue yenyewe. Mibetula na miti mingine imeshaanza kuota kwenye majivu. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, lakini sitawalaumu watu wa Mezná wanaotaka miti mikavu iliyo jirani na mapaa yao ikatwe. Hifadhi inapaswa kuwasikiliza hao kwanza, maana wao ndio wanaolala pale usiku. Karibuni kwa maswali.