Mita Thelathini za Mchanga: Mhadhara kuhusu Makaro, Visima na Hesabu ya Hatari

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Waheshimiwa masheha, walimu wenzangu, wauguzi wa vituo vya afya, wanafunzi, mama zangu na baba zangu.

Nimeombwa nizungumzie modeli za vichafuzi vya mazingira, yaani hesabu za kukadiria mwendo wa uchafu, na namna ya kutathmini hatari zake kwa afya ya binaadamu. Nitaanzia kwenye kisima na karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, na muda mwingi nitautumia hapo, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea kila siku na hapo ndipo marekebisho yamo mikononi mwetu wenyewe.

Mnyororo wa tathmini mnaujua: chanzo cha uchafu, njia unayopita, mtu anayefikiwa, dozi anayoipata, na madhara ya dozi hiyo. Ninalolisema kila mwaka, na leo nalisema tena, ni kwamba ripoti zetu huiruka hatua ya pili. Sampuli moja huchukuliwa kisimani, namba ikalinganishwa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani, kisha ikaandikwa kwamba maji ni salama au si salama. Kuhusu njia, kuna sentensi moja tu: karo liko mbali na kisima kwa zaidi ya mita 30. Baada ya sentensi hiyo hakuna anayeuliza kitu.

Mita 30 ni kanuni ya mchanga. Maji machafu yakipita katika mchanga au udongo hujipenyeza polepole baina ya chembe, na vijidudu vingi hunasa au hufa njiani. Mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, alichapisha mwaka 1856 matokeo ya kupitisha maji katika nguzo zilizojazwa mchanga, na kanuni aliyoitoa, kwamba kasi ya maji hulingana na tofauti ya kina cha maji na uwezo wa ardhi kuyapitisha, ndiyo iliyomo mpaka leo ndani ya programu nyingi za kompyuta tunazotumia kukadiria mwendo wa maji ya ardhini. Ni kanuni nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini anayeiweka ramani ya Makunduchi ya Unguja au ya Micheweni ya Pemba ndani ya programu hiyo bila ya kuibadilisha chochote, amekwisha kukubali, bila ya kutamka, kwamba Makunduchi na Micheweni ni mchanga.

Nani katika ukumbi huu anayeamini hivyo? Wakulima wetu walizipa ardhi za visiwa hivi majina yake kabla ya mtaalamu yeyote kufika na vifaa: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Mtu aliyelima maweni anajua kwamba hapandi shambani, bali anapanda katika vishimo vya udongo vilivyomo baina ya mawe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja, na upande wa Micheweni kule Pemba, ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaani chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakawa na uchachu mdogo, na uchachu huo ukiila chokaa kwa maelfu ya miaka, ufa mwembamba huwa mfereji na mfereji huwa pango. Aliyekwenda Nungwi akaliona bwawa la Mnarani wanamotunzwa kasa anajua kuwa maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa hakuna mfereji wowote wa juu unaoyaunganisha. Bahari inaingia kwa chini. Ikiwa mwamba unaipitisha bahari nzima kwa namna hiyo, utayazuia vipi maji ya karo?

Mchanga huchuja kama kifumbu kinavyochuja tui, ilhali mwamba wa maweni ni kifumbu kilichotoboka: kinachopita ndani yake hakichujwi, kinasafirishwa tu, tena kwa kasi.

Nitaeleza yaliyotokea Walkerton, na nitayaeleza kwa urefu. Walkerton ni mji mdogo wa watu wasiofika 5,000 katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 ilinyesha mvua kubwa kwa siku kadhaa. Karibu na kisima kimoja kifupi cha mji palikuwa na shamba, na shambani palikuwa pametiwa samadi ya ng'ombe. Mvua iliibeba bakteria ya E. coli kutoka katika samadi hiyo hadi kisimani. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 wakafa. Uchunguzi rasmi uliofuata haukumtia hatiani mwenye shamba, kwa sababu alikuwa ametumia samadi yake kwa utaratibu uliokubalika. Kwa kanuni za karatasini hapakuwa na kosa shambani, na watu walikufa.

Baada ya maafa, wataalamu walitengeneza modeli ya mwendo wa maji kuelekea visima vya mji ule, wakichukulia kwamba mwamba wa pale unapitisha maji sawasawa kila upande. Modeli iliweka mpaka mita mia chache kutoka visimani, ikasema kwamba maji yaliyo nje ya mpaka huo yanahitaji zaidi ya mwezi kufika. Wataalamu wengine hawakuridhika. Walitia vifuatilizi vya rangi ndani ya mwamba, wakakaa kisimani wakisubiri. Rangi iliyotiwa nje ya mpaka ilifika kwa muda wa takribani siku moja. Mwamba wa Walkerton ni wa chokaa na dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, wenye nyufa, na modeli haikuziona nyufa kwa sababu haikuambiwa kuwa zipo. Tofauti ya mwezi na siku ni tofauti ya vijidudu vilivyokufa njiani na vijidudu vinavyofika vikiwa hai.

Najua jibu ninalopewa kila ninapoitaja Walkerton: kwamba kosa lilikuwa la wasimamizi wa maji, ambao hawakutia klorini ya kutosha na waliandika namba zisizo za kweli katika daftari. Ni kweli kabisa, na uchunguzi ulisema hivyo. Lakini jibu hilo linaniongezea hoja. Wao walikuwa na ngome mbili, mwamba na klorini, na maafa yalitokea zote mbili ziliposhindwa. Kisima cha kuteka kwa ndoo katika shehia zetu, ambacho hakitiwi klorini, kina ngome moja tu, nayo ni mwamba huo huo uliotoboka.

Wala msidhani kuwa waliotunga kanuni hawakuliona jambo hili. Miongozo inayotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa maafa, ambayo imezieneza sana mita 30, inasema papo hapo kwamba umbali uongezwe penye mwamba wenye nyufa na penye chokaa. Namba ilinakiliwa ikaletwa hadi huku, na sharti lake likaachwa njiani. Hilo linanikera, kwa sababu sharti ndilo lililotuhusu sisi.

Kuna wanaosema: sisi tunachemsha maji, mzungumzaji anatutisha bure. Kuchemsha ni jambo jema na naomba asiache mtu. Visiwa hivi vimekwisha kuzika watu kwa kipindupindu. Lakini karo halitoi vijidudu peke yake. Nitrojeni iliyomo katika mkojo, ikiingia ardhini, hugeuzwa na bakteria wa udongo ikawa nitreti. Nitreti huyeyuka katika maji, haishikwi na udongo, haiuliwi na moto na haiondolewi na klorini. Ukichemsha maji yenye nitreti, maji hupungua kwa mvuke na nitreti hubaki, kwa hiyo kilichomo sufuriani ni kikali zaidi kuliko kilichotoka kisimani.

Na hapa ndipo hesabu ya dozi inapoonesha nani hasa yumo hatarini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitreti kwa lita. Mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 za maji ya kiwango hicho anapata miligramu 100 kwa siku, yaani kiasi cha miligramu 1.7 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto mchanga wa kilo 5 anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo hayo, akinywa robo tatu ya lita, anapata miligramu 7.5 kwa kila kilo. Kisima ni kimoja, nyumba ni moja, na dozi ya mtoto ni zaidi ya mara nne ya dozi ya baba yake. Dozi ya rejea inayotumiwa na Marekani, yaani kiasi cha kila siku kisichotarajiwa kudhuru, ikigeuzwa kutoka nitrojeni kuwa nitreti, ni kama miligramu 7 kwa kilo kwa siku. Baba yuko kwenye robo ya kiwango hicho. Mtoto amekwisha kukivuka kidogo, na maji yangali yanaitwa salama.

Madhara yake yalielezwa na daktari Hunter Comly wa Iowa mwaka 1945, baada ya kuwaona watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya maji ya kisima. Nitreti ikigeuka nitriti tumboni huiharibu hemoglobini, nayo ikashindwa kubeba oksijeni, na mwili wa mtoto wa miezi michache bado hauna nguvu ya kutosha ya kuirejesha katika hali yake. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake amekingika, kwa kuwa maziwa ya mama hayabebi nitreti kwa kiasi cha kumdhuru. Wauguzi, mtakaporudi vituoni, lisemeni hilo wazi kwa kila mama anayetaka kuanza maziwa ya unga, na mumuulize maji yake anayateka wapi.

Sasa mnaoishi Mjini Magharibi msiseme kwamba haya ni ya watu wa maweni. Kwa nitreti, hata udongo mzuri haukukingeni, na umbali wa kisima kimoja na karo moja hauna maana kubwa. Cha maana ni wingi wa makaro juu ya maji yale yale. Mtu mmoja hutoa nitrojeni baina ya kilo 2 na 5 kwa mwaka, kulingana na chakula chake. Tuchukue kilo 3. Zikigeuka zote kuwa nitreti ni kiasi cha kilo 13, zinazotosha kuzifikisha lita 266,000 za maji yasiyokuwa na nitreti kabisa katika kile kikomo cha miligramu 50. Huyo ni mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Mkoa mzima, kwa sensa ya mwaka 2022, ulikuwa na watu 893,169.

Ninachotaka kifanyike hakihitaji kompyuta mpya. Kabla ya modeli, itiwe rangi ya kufuatilia isiyo na sumu, au hata maji ya chumvi, ndani ya karo, na upimwe muda wa kufika kisimani. Sampuli za vijidudu zichukuliwe baada ya mvua kubwa za masika, si katika kaskazi wakati barabara ni kavu na gari inafika kwa urahisi. Na kila ripoti iwe na mstari wa dozi ya mtoto mchanga, peke yake, usiochanganywa katika wastani.

Muda umenibana, na bado sijagusa moshi wa jikoni. Nitasema tu kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikishusha kikomo cha wastani wa mwaka wa chembe ndogo za vumbi na moshi kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na kwamba kipimo kilichowekwa juu ya paa la ofisi hakisemi chochote kuhusu mama aliyeinama mbele ya mafiga. Kipimo kikae pale anapopumulia yeye. Kuhusu rangi za kuta zenye madini ya risasi, hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara; hilo linahitaji siku yake.

La mwisho ni swali nililoletewa kwa karatasi, kuhusu papa. Zebaki hujikusanya kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo, kwa hiyo papa na nduaro hubeba nyingi kuliko wengine, na papa mkavu naye ni papa, kwani kukausha hakuiondoi zebaki. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wawaepuke hao. Dagaa na tasi wawale bila ya khofu.