Uchovu Si Ushahidi: Kutambua Upungufu wa Testosteroni kwa Mwanamume wa Makamo

Habari za jioni. Naona akina baba mmejazana nyuma karibu na mlango. Hapana neno, sauti itafika.

Wengi mmekuja na swali la uchovu. Mtu ana miaka 48, anatoka Rongai saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, kisha anauliza kama homoni zimemwishia. Ndugu yangu, hulali! Uchovu, kitambi na hasira za karibu huletwa na upungufu wa testosteroni, homoni ya kiume, ni kweli. Lakini huletwa pia na kisukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, pombe, na kule kukoroma kunakokata pumzi usingizini. Dalili hizo peke yake hazithibitishi kitu.

Zenye uzito ni za chumbani, tena zikija zote tatu: hamu ya tendo la ndoa kupungua, uume kushindwa kusimama, na kutosimama wenyewe alfajiri. Utafiti wa wanaume wa Ulaya wa miaka 40 hadi 79, uliochapishwa 2010, ulihesabu kuwa na upungufu wale tu wenye dalili zote tatu pamoja na kipimo cha chini cha testosteroni. Waliotimiza masharti hayo walikuwa kama asilimia 2 tu.

Anzeni na la alfajiri. Anayeshindwa na mkewe lakini anaamka uume umesimama, mara nyingi shida iko kwenye mawazo au kwenye ndoa. Hamu ipo lakini uume hausimami wakati wowote? Shuku mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huonyesha kuziba mapema. Mtu huyo apime presha, sukari na mafuta kabla ya jambo lingine. Hamu yenyewe ikizimika, ndevu zikawa hazihitaji wembe kama zamani, matiti yakavimba au korodani zikasinyaa, hapo testosteroni inaingia mashakani. Kichwa kikiuma na macho yakaanza kukosa kuona pembeni, usingoje: huenda ni uvimbe kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo inayoamrisha korodani.

Sasa kipimo, ambako ndiko mambo huharibika. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya chai na mandazi, kwa sababu homoni hii huwa juu asubuhi na chakula huishusha. Ukipima saa tisa mchana baada ya nyama choma, utaambiwa una upungufu usio nao. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote kali. Mlinzi wa usiku amweleze daktari zamu yake, maana mwili wake unafuata usingizi, haufuati jua. Jibu likiwa chini, rudia siku nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi.

Karatasi ya maabara someni kizio, si namba tu. Maabara moja huandika 3 kwa nanogramu kwa mililita, nyingine 300 kwa nanogramu kwa desilita, ya tatu 10.4 kwa nanomoli kwa lita. Ni kiwango kilekile, na madaktari wengi huanzia hapo kushuku upungufu. Kwa mtu mnene kiwango hushuka kwa sababu protini inayobeba homoni hupungua, kwa hiyo aombe pia kipimo cha testosteroni huru, ile isiyoshikwa na protini. Ikithibitika, pimeni LH na prolaktini, homoni mbili za pituitari, ili kujua kasoro iko kwenye korodani au kichwani.

Mukombero, ule mzizi unaosifiwa kwa nguvu za kiume, tafuneni mkipenda, lakini si tiba ya upungufu huu. Vidonge visivyo na jina vya mitaani ni hatari zaidi: vingine huchanganywa kisirisiri na dawa ya kusimamisha uume, nayo ikikutana na dawa ya moyo ya naitreti, presha huporomoka.

Na anayetaka mtoto bado asikimbilie sindano. Testosteroni ya nje huiambia pituitari inyamaze, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Kabla ya kuanza hupimwa tezi dume na wingi wa chembe nyekundu. Baada ya miezi mitatu hadi sita hupimwa tena. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa.