Dawa ya kifafa na ile sifuri kwenye oda

Waheshimiwa madiwani, wakubwa shikamooni, na nyie wa kamati za zahanati mliotoka Chunya na Rungwe alfajiri, poleni na safari. Nimeambiwa niongelee huduma za afya ya akili ila mi nitaongelea hela, maana kila kikao tunalia Mirembe, ile hospitali ya taifa ya akili kule Dodoma, ipanuliwe, wodi ziongezwe, sawa ziongezwe, lakini wagonjwa wetu wengi Dodoma hawafiki kabisa.

Chukua kifafa, ambacho kwetu kinatibiwa kliniki ileile ya akili. Mama anakunywa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, kila usiku, ametulia, analima viazi, anauza. Mwezi huu anafika zahanati anaambiwa dawa imeisha, nenda wilayani, nauli hana, anarudi nyumbani. Dawa hii ukiikata ghafla degedege linarudi kwa nguvu, na huku milimani kwa baridi hii kila mtu anaota moto, basi mama anaangukia jikoni. Sasa hesabu: kukodi gari mpaka hospitali ya rufaa, wiki kadhaa wodini kwenye kidonda cha moto, ndugu ameacha shamba anamuuguza. Kisa vidonge vya bei rahisi kuliko karibu kila kitu kwenye kabati la zahanati!

Tunapenda kuwarushia lawama MSD, bohari ya dawa ya serikali. Kuna wakati ni kweli wanakosa, lakini si ndo maana kuna mshitiri, yule muuzaji binafsi wa kununua kwake MSD wakikosa? Na toka 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia akaunti ya kituo chenyewe, kamati mnapitisha matumizi. Mi naona tatizo ni karatasi ya oda. Mfawidhi, mkuu wa zahanati, anaangalia matumizi ya kipindi kilichopita, fenobabitoni haikutumika sababu haikuwepo, anaandika sifuri, oda inayofuata sifuri tena, mpaka ukisoma ripoti unadhani kata nzima haina mwenye kifafa (na wakati hao wenye makovu ya moto tunawaona gulioni kila wiki).

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, wapite kaya kwa kaya waandike wagonjwa, oda itoke kwenye hilo daftari. Na gari la huduma ya mkoba linaloenda vijijini kwa chanjo limpakie nesi wa akili wa wilaya, mafuta ni yaleyale, mnaongeza posho yake tu.

Mganga mkuu nakuona hapo nyuma, oda ya kipindi hiki inafungwa lini? Tujibu kabla hatujaenda chai.